Chumba cha Mtani

Sehemu ya Saba: Bwana Harusi Barabarani

Tulimwacha Magreth kibarazani na mkasi mkononi. Bado anao.

Mbele yake, kwenye barabara ya vumbi ya Isevya, Tabora, limesimama guta, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Juu ya guta kuna kitanda cha sita kwa sita, godoro ambalo halijavuliwa nailoni, ndoo mpya, na kijana aliyevaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Kijana ameshika ufunguo. Na ufunguo huo, msomaji, ni wa chumba anachoishi Magreth.

"Shikamoo, mama," kijana akasema. "Naitwa Sixbert. Natoka Ipole. Nimekuja kuhamia."

"Marahaba. Kuhamia wapi?"

"Hapo nyuma yako."

Magreth akageuka kutazama nyuma yake. Kulikuwa na mlango wake, pazia lake, na cherehani yake. Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Wanyamwezi nyie! Nani kakutuma? Mzee Masolwa, siyo? Mwambie leo kanipata. Mpaka kitanda kabeba!"

Sixbert hakucheka.

"Mama, nafunga ndoa Jumamosi."

Magreth akacheka tena, lakini safari hii kicheko kilitoka kifupi.

Kwa waliolikosa gazeti la wiki jana: Magreth ni Mgogo wa Dodoma, fundi cherehani. Amepanga chumba cha mbele kwa Mzee Masolwa, mstaafu wa reli, Mnyamwezi wa hapa hapa. Mgogo na Mnyamwezi ni watani. Hilo lilianza enzi za misafara, Wanyamwezi wakipita Ugogo na mizigo mabegani kwenda pwani, Wagogo wamekaa kando ya visima wanawatoza hongo. Waligombana, wakapigana, mwisho wakaona bora wataniane. Tangu hapo Mgogo humwambia Mnyamwezi lolote, naye haruhusiwi kukasirika. Mnyamwezi naye vivyo hivyo. Kwenye msiba wa dada yake Mzee Masolwa, Magreth alijilaza mlangoni akazuia jeneza mpaka aletewe soda baridi. Ililetwa. Ikawa ya uvuguvugu, akairudisha.

Chumba hicho cha mbele ndicho kinachomlisha. Kinatazama barabara. Mtu akipita anaona gauni linaning'inia, anaingia, anapimwa. Fundi anayeshonea uani, nyuma ya choo, wateja wake ni kuku.

Mzee Masolwa akatokea uani, mswaki wa mti mdomoni.

"Naona mmeshafahamiana," akasema.

"Mzee, mwondoe huyu bwana harusi wako barabarani. Mvua hiyo inakuja."

"Ataingiaje, na wewe umesimama mlangoni?"

"Nimesimama mlangoni kwangu."

"Si nilikuambia uhame kabla ya mvua?"

"Uliniambia lini?"

"Msimu wa tumbaku. Hapo hapo uliposimama. Nikasema, we Mgogo, funga virago, chumba nampa Mnyamwezi mwenzangu anayejua kuoga."

"Hiyo ilikuwa notisi?"

"Sasa ilikuwa nini?"

"Mzee, ulicheka!"

"Nilicheka kwa sababu ulinijibu."

"Nilikujibu nini?"

"Ulisema utahama siku Mnyamwezi atakapojifunza kutembea bila mzigo kichwani. Nikasema sawa, huyu ameelewa."

Mkasi ukashuka taratibu mpaka kwenye paja la Magreth.

"Nilijua unatania," akasema.

"Kwenye nyumba sitanii."

"Aa! Kwenye nyumba hutanii. Haya, na mimi nikuulize. Sijakuambia kwamba bati linavuja?"

"Umeniambia."

"Mlango wa kabati lako, uliodondoka?"

"Umeniambia."

"Na meza uliyonipa na chumba, yenye miguu mitatu?"

"Hiyo uliniambia msibani, mbele ya watu."

"Ukafanya nini?"

"Nikacheka. Ulisema meza yangu imerithi mguu wa babu yangu aliyeachwa njiani na msafara."

"Na silingbodi, hapo darini?"

Mzee Masolwa akautoa mswaki mdomoni ili acheke vizuri. "Ulisema silingbodi yangu imeota kitambi kama mwenye nyumba. Hiyo niliisimulia mpaka stesheni."

"Ilikuwa kweli, Mzee!"

"Kitambi?"

"Silingbodi!"

Hata dereva wa guta alizima injini ili asikie vizuri.

Ndivyo walivyoishi, tangu siku Magreth alipopangishwa chumba na kabati lake, meza yake na kitanda chake. Yeye akilalamika, mwenye nyumba anashika mbavu. Mwenye nyumba akimfukuza, yeye anashika mbavu. Isevya nzima ilikuwa inawaonea wivu kwa kuelewana.

"Samahani, wazee wangu," Sixbert akasema. "Godoro." Tone moja lilikuwa limeliangukia.

"Liingizeni ndani kwanza, lisilowe," akasema Magreth, kwa sababu kosa halikuwa la kijana. Godoro likaingia, likalazwa sakafuni mbele ya kabati lisilo na mlango. Halafu akaingiwa na wasiwasi kwamba ndiyo ameshahamishwa hivyo.

"Mimi naenda kwa mwenyekiti wa mtaa," akasema.

Mzee Masolwa akaacha kucheka.

"Ukinishtaki, utani umekufa."

"Ufe!"

"Ukifa, vyote ulivyochukua kwa utani vinarudi."

"Nimechukua nini mimi?"

"Jogoo."

"Jogoo tulimla Krismasi, na paja ulikula wewe!"

"Kofia."

Magreth akapeleka mkono kichwani. Kofia ya reli, yenye nembo, ilikuwa hapo. Aliichukua siku ya Pasaka na hakumbuki tena kichwa chake bila hiyo.

"Na kandambili ulizovaa wewe ni za nani?" akauliza.

Wote wakatazama chini. Kandambili zilikuwa za rangi ya waridi, zina kipepeo. Mzee Masolwa akakunja vidole.

Mambo yalikuwa yamefika pabaya. Asiposhtaki, chumba kimekwenda. Akishtaki, anampoteza mtu pekee Tabora nzima anayeweza kumtukana asubuhi na kumwazima sukari jioni. Magreth akashuka ngazi ya kwanza ya baraza. Akasimama. Akapanda. Akashuka tena.

Hakuhitaji kwenda popote. Mwenyekiti alikuja mwenyewe, kwa sababu guta lilikuwa limeziba njia.

Mwenyekiti Imakulata ni mwanamke wa maneno machache na mkoba mkubwa. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akamsikiliza na Sixbert, ambaye alirudia kwamba ni Jumamosi.

"Kwa hiyo hakuna aliyemficha mwenzake neno," akasema.

"Hakuna," wakajibu.

"Na hakuna aliyemwamini mwenzake."

"Hakuna."

"Hiyo haina kifungu." Akafikiri. "Anahitajika mtu wa kupima. Ataambiwa neno, aseme hili ni utani, hili siyo utani. Mimi siwezi, ni Mnyamwezi. Tangu nifike najizuia nisimwambie huyu mama kuhusu hiyo kofia."

"Niambie tu," akasema Magreth.

"Nipo kazini."

Wakamtafuta mtu. Dereva wa guta alikuwa Msukuma, na kwa mambo ya utani huyo ni Mnyamwezi mwenye ng'ombe wengi. Muuza chipsi naye alikuwa Mgogo, shemeji wa Magreth. Macho ya wote yakavuka barabara, yakatua kwa Advera.

Advera ni Mhaya, anauza mashuka ya mitumba mkabala na nyumba ya Mzee Masolwa. Hana utani na mtu yeyote mtaani. Tangu afike Isevya hakuna aliyemwona akicheka, na wapo waliojaribu.

"Utaratibu ni huu," akasema mwenyekiti. "Kila mmoja aseme neno lake la moyoni akimtazama Advera. Advera amtazame usoni. Akiona cheko, hata likiwa limejificha kwenye pembe ya mdomo, ni utani, halina nguvu. Asipoliona, ni neno, na mwenzake lazima alijibu. Uso usipoonekana, hesabu hakuna kilichosemwa. Mmeelewa?"

"Nitalipwa?" akauliza Advera.

"Hapana."

"Haya."

Magreth akaanza. Alivua kofia kwanza. Akafungua mdomo, likaja neno la mpagazi, akalimeza. Likaja la mzigo, akalimeza nalo. Ilikuwa vigumu kuliko alivyodhani.

"Mzee Masolwa," akasema. "Maji ya mvua yanaingia juu ya cherehani yangu. Silingbodi imeshuka, na boriti inayoshikilia paa imeliwa na mchwa. Unga wake unanidondokea usiku, nalala nimejifunika uso. Naogopa. Lakini nikitoka chumba hiki sina pa kushonea, na nina watoto wawili wanasomeshwa na cherehani hii. Sina pengine."

Advera akamtazama jicho la kulia. Akamtazama la kushoto.

"Neno," akasema.

Mzee Masolwa alikuwa amesimama kama mtu aliyeambiwa kwamba treni imeondoka na mkewe.

"Sasa Magreth," akasema polepole, "mbona siku zote hukuniambia?"

Mwenyekiti akamzuia Magreth kwa mkoba.

"Zamu yako, Mzee."

Mzee Masolwa akakohoa. "Chumba nimeshampa huyu kijana. Nilitoa ahadi kwao Ipole, mbele ya baba yake, na mzinga wa asali wakanifunulia. Nikimrudisha na kitanda barabarani wiki ya harusi, kule Ipole sitatia mguu tena."

"Neno," akasema Advera.

"Sasa tuna maneno mawili," akasema mwenyekiti, "na chumba kimoja."

Na hapo, ndugu msomaji, ndipo Sixbert alipoharibu kila kitu.

"Samahani," akasema. "Boriti ipi?"

"Boriti gani?" akauliza Mzee Masolwa.

"Iliyoliwa na mchwa. Mama mkwe anakuja kesho kukagua chumba. Yeye huwa anatazama juu kwanza."

Mzee Masolwa alivuta pumzi mpaka shati likambana. Kuambiwa na Mgogo ni jambo moja. Kuambiwa na kijana wa kabila lako, asiye na ruhusa ya kukutania, kwamba nyumba yako ina mchwa, hilo ni tusi.

"Boriti ile ni mninga, mti ambao mchwa hawaugusi! Nilikwenda porini kuichagua mwenyewe. Leta ngazi!"

Ngazi ikaletwa, ikaingizwa chumbani, ikaegemezwa kwenye tundu la kupandia darini, juu ya godoro. Matone yakaanza kugonga bati. Advera akachomoka mbio kuvuka barabara, akaanue mashuka yake.

Mzee Masolwa akavua kandambili, akaweka mguu kwenye ngazi.

"Mzee, usipande," akasema Magreth. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nakuomba. Itavunjika."

Mzee akageuka. Akamtazama. Uso wake ukafunguka, meno yote nje.

"Mnamwona? Ameanza tena! Mgogo huyu, hata mbele ya mwenyekiti!"

"Mzee, sitanii!"

"Aha-haa!"

Akapanda huku akicheka. Magreth akamwangalia mwenyekiti. Mwenyekiti akaangalia ng'ambo ya barabara, Advera alikokuwa amekumbatia mashuka yote dukani kwake. Neno lilisemwa, halikuwa na wa kulipima.

Mzee akamezwa na tundu. Wakasikia magoti yake yakitambaa juu ya vichwa vyao, na silingbodi ikimfuata kwa kitambi chake, huku na huku. Magreth hakusubiri. Akaishika cherehani kwa mikono miwili, mkasi bado uko kidoleni, akaiburuta mpaka ukutani.

"Nimeifikia!" sauti ikatoka juu. "Nzima! Ngoja niigonge muusikie mninga unavyolia."

Ililia kama katoni tupu ya sabuni.

Wakamsikia akiigonga tena.

Halafu mguu wa Mzee Masolwa ukatoboa silingbodi, ukaja chini mpaka gotini, ukabaki unaning'inia katikati ya chumba. Unga wa mbao ukaanza kumwagika kuuzunguka, mwembamba, kama mtu anachekecha.

"Mwenyekiti," ikasema sauti. "Hii siyo boriti tena."

"Shuka, Mzee!"

"Nikijitingisha inalia. Mgogo yupo?"

"Nipo."

"Uliniambia."

"Nilikuambia."

"Basi sikia. Chumba ni chako. Kaa mpaka uchoke. Bati nabadilisha, boriti nabadilisha, mlango wa kabati narudisha. Kijana atapata kile cha uani, nitakipaka chokaa kabla ya Jumamosi. Baba yake nitamweleza mwenyewe."

Magreth akamgeukia mwenyekiti.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Basi imekwisha!"

"Uso sijauona," akasema mwenyekiti. "Nimeona mguu."

"Mwenyekiti, jamani!"

"Utaratibu ni ule ule. Anaweza kuwa huko juu anakenua meno. Kesho atasema alikuwa anatania, na wewe utasema hakuwa anatania, na guta litaziba njia tena. Advera!"

Advera akaletwa, nywele zimelowa. Akaelezwa. Akautazama mguu. Akaitazama ngazi. Akafunga kanga yake vizuri kiunoni, akapanda, akachomeka kichwa kwenye tundu.

"Anacheka?" akauliza Magreth.

"Giza."

"Washa tochi ya simu!"

Wakasikia Advera akihangaika na simu. Mwanga ukatokea kwenye nyufa.

"Mzee," wakamsikia akisema, "geukia huku. Uso."

Mzee Masolwa akageuka ili uso uonekane.

Na kugeuka huko ndiko boriti ilikokuwa inakusubiri.

Ilitoa sauti moja tu. Advera aliruka kutoka kwenye ngazi kama mtu aliyeambiwa mashuka yake yanaibwa. Mwenyekiti alimvuta Sixbert, Sixbert alilivuta pembe la godoro lakini halikumfuata. Silingbodi yote ikaja chini kwa pamoja, na juu yake boriti vipande vipande, na bati mbili, na vumbi la miaka yote ya utumishi wa reli. Mzee Masolwa alitua juu ya kabati. Kabati lilisimama kidogo, kwa heshima. Halafu likapiga magoti taratibu, likamlaza kwenye godoro la bwana harusi, nailoni na kila kitu.

Upande wa dirishani paa lilikuwa wazi, mvua inaingia. Upande wa cherehani palikuwa pakavu. Na mwanzoni hakuna aliyeona kitu, kwa vumbi.

"Mzee!" Magreth akapiga kelele. "Mzee Masolwa! Umeumia?"

Vumbi likatua kidogo kidogo. Mzee alikuwa ameketi katikati ya godoro, miguu mbele, mzima. Alikuwa mweupe kuanzia utosini mpaka kifuani, kama andazi lililoviringishwa kwenye unga kabla ya kuchomwa. Nyusi hazikuonekana. Mdomo haukuonekana mpaka alipoufungua.

Alitazama juu, lilipokuwa paa. Akatazama kabati. Akamtazama Magreth kwa muda mrefu.

"Mgogo wewe," akasema. "Umeniangushia nyumba. Utaijenga."

Wote wakamtazama usoni.

Kama ulikuwa utani, ulikuwa mkubwa kuliko wote aliowahi kuutoa, na chumba ni cha Magreth, na yale ya bati na boriti yako pale pale. Kama lilikuwa neno, basi Magreth hana chumba, hana mtani, na anadaiwa paa.

Magreth akamkodolea macho. Akatafuta pembe za mdomo, hakuziona. Akatafuta mikunjo ya macho, ilikuwa imejaa vumbi. Mzee Masolwa alikuwa anamtazama tu, mweupe, kifua kinapanda na kushuka. Mtu aliyeanguka hupumua hivyo. Na mtu anayejizuia kucheka hupumua hivyo hivyo.

"Mzee," akasema Magreth, na mkasi ukamtoka mkononi, "hilo unaniambia au unanitania?"

Mzee akapepesa macho, unga ukadondoka.

"Advera," akasema mwenyekiti.

Advera akachovya kona ya kanga yake kwenye ndoo mpya ya bwana harusi, iliyokuwa imekusanya maji ya mvua kule kwenye guta. Akaikamua. Akapiga goti kwenye godoro, akamshika Mzee Masolwa kidevu ili asigeuke, akaanza kumfuta uso, taratibu, kuanzia kwenye paji.